Kona ya Gemu: Hawa Watano Wote Ni Mimi

Wiki hii zile barua za kontrola zilizokufa zitangoja kidogo, kwa sababu naona wasomaji watatu wamekwama mahali pamoja, kila mtu kwa upande wake.

*Niaje kaka. Mimi ni wa hapa Umoja, nacheza WoW Classic, ile World of Warcraft ya zamani ya mtandaoni, na naendesha wahusika watano kwa mpigo, akaunti tano, kompyuta moja, skrini mbili za ex-UK. Majina yao ni Ugali, Sukuma, Matumbo, Mutura na Kachumbari, huyo wa mwisho ndo mponyaji. Kupigana najua, shida yangu ni watu. Kila nikifika mahali mtu anaona kundi limesimama vizuri anakuja mbio, "naomba niingie", "mko na nafasi?", na mwingine hata haulizi, anaanza tu kunifuata kama kifaranga. Juzi nilikuwa kwa Hogger, yule adui mgumu ambaye kila mtu hutumwa kumwua, jamaa akaniandikia mara tatu na mimi mikono yote iko kazini. Kuja kumaliza naona ule ujumbe wa tatu ameniita roboti na anasema ameniripoti. Mimi si mtu wa madharau kaka, lakini siwezi kupigana na kupiga stori wakati mmoja. Nifanyeje na hawa wageni?*
*Baba Watano, Umoja*

Baba Watano, hayo majina yamenimaliza kabisa. Hata mimi ningekuta Ugali na Sukuma na Matumbo wamesimama pamoja ningekuja kuomba kiti.

Sasa sikiza. Yule jamaa wa Hogger hakukosea kitu. Kwa macho yake pale kuna watu watano, na kati ya watu watano hakosi mmoja mwenye mdomo, sasa akiona wote kimya anabaki na mawazo mawili tu, ama mnamdharau ama nyinyi ni roboti. Haiwezi kumwingia akilini kwamba ni mtu mmoja huko Umoja anahangaika na kibodi. Kwa hivyo kilichomuudhi si kunyimwa nafasi, ni ule ukimya. Mtu ukimwambia "pole, hawa wote ni mimi, kikundi kimejaa" anacheka anaenda zake, wengine wanasimama kando kukuangalia, na kuna mmoja aliwahi kuchezea watu wangu densi hapo njiani mpaka nikasahau nilikuwa naenda wapi.

Sasa hayo maneno utayaandika saa ngapi? Zamani ilikuwa rahisi, kulikuwa na programu unabonyeza kitufe kimoja kinaingia kwa madirisha yote matano, lakini Blizzard, wenye WoW, waliipiga marufuku Novemba 2020. Akaunti nyingi bado zinaruhusiwa, hilo usitishwe nalo na mtu. Kilichokatazwa ni kile kitufe kimoja kufanya kazi ya vitano. Sasa unaruka dirisha kwa dirisha, huku Ugali anapigwa, huku Kachumbari anangoja umguse, na seva ziko Ulaya kwa hivyo kutoka hapa Nairobi kila kitu kinakuja kimechelewa kidogo. Katikati ya hayo hakuna mtu wa kuandika sentensi nzima.

Ndo maana jibu liandikwe kabla. Fungua makro, yaani maneno unayohifadhi kwa kitufe kimoja, anza na /r halafu maneno yako, iweke kitufe unachofikia bila kuangalia. Hiyo /r inamjibu mtu wa mwisho aliyekuandikia, hakuna kutafuta jina lake. Iwe fupi, kwa Kiingereza maana seva ni ya Ulaya, iseme vitu vitatu, kwamba hawa wote ni wewe, kwamba kimejaa, na kwamba ukimaliza hapa utamsaidia kama bado anataka. Hiyo ya tatu weka tu kama utaitimiza. Wale wanne wa nyuma wawekee /dnd, ile amri ya "usinisumbue", na ujumbe kwamba mtu aandikie Ugali, kwa hiyo mtu akimwandikia Mutura anapata jibu papo hapo hata kama dirisha la Mutura hujalifungua tangu asubuhi.

Tuje kwa kumwingiza mtu sasa. Kikundi cha WoW ni watano basi, si matatu ya kumi na nne ambapo makanga anaweza kukuwekea sambaza ukae katikati. Kumwingiza mgeni ni kumtoa mmoja wako. Ukigeuza kikundi kiwe reidi, yaani kundi kubwa, mnaweza kuzidi watano ndio, lakini kwenye Classic kazi nyingi za kawaida (quest, zile unazotumwa) hazihesabiki mkiwa reidi, kwa hivyo mtaua vizuri na hakuna atakayepata kitu, na hapo ndo mtu atakutukana kwa sababu ya kweli.

Lakini kwa Hogger hata hukuhitaji kumwingiza. Kwenye Classic mnyama ni wa aliyempiga kwanza. Ungemwambia yule jamaa "anza wewe", yeye anatupa pigo la kwanza, halafu Ugali na wenzake wanaingia kusaidia, Hogger anaanguka, jamaa anapata kazi yake bila kuwa kwenye kikundi chako hata sekunde moja. Hogger ni leveli 11 na ni wa aina ile ngumu, mtu wa leveli 9 peke yake analiwa, na ndo maana pale kila saa kuna mtu anatafuta watu. Anarudi baada ya muda kidogo, wewe unamwua wa pili kwa ajili ya wako. Umepoteza dakika chache na umepata mtu atakayekukumbuka kwa jina, kitu ambacho kwenye seva moja kina maana kuliko unavyofikiria, maana kesho yeye ndo ana ile kitu unatafuta sokoni.

Pale utakapoamua kweli kutoa mmoja na kuingiza mgeni, tuseme kwenye Deadmines, lile pango la maadui, kuna mambo mawili. La kwanza ni mali, na hili lisemwe kabla hamjapita mlango. Kikipatikana kitu kizuri kila mhusika anarusha kete, yeye ana moja wewe una nne, kwa hivyo hata ukiwa mwaminifu kama padri yeye ana nafasi ya 20 kwa 100. Hakuna mtu atakaa humo saa nzima akiona hivyo mara mbili. Mimi nilikuwa na sheria moja, mgeni akivaa ngozi na kimetoka cha ngozi, wangu wote wanabonyeza Pass, yaani "sitaki", yeye achukue. Kama kuna kitu wewe unakitaka sana, kitaje mapema, "nataka ile fimbo tu, mengine yako." Watu wanakubali. Wanachokataa ni kuambiwa baadaye.

La pili ni kwamba timu yako haijui kuishi na mgeni. Nilijifunza hili vibaya. Nilimtoa mmoja wangu nikaingiza kijana mmoja wa mapanga mawili, mchangamfu, mwenye salamu, tukaingia Deadmines. Tukamwua Rhahk'Zor, bosi wa kwanza, vizuri. Wanaojua pale wanajua ukishamwua huyo kuna wengine wanakuja kwa nyuma, kwa hivyo nikasimama nikageuza watu wangu, mmoja mmoja, dirisha kwa dirisha. Kijana hakungoja. Mlango umefunguka, yeye ndani. Sasa mponyaji wangu kitufe chake kilikuwa kimewekewa kumponya kiongozi wangu, yule anayebeba vipigo, hakuna mwingine. Nikaona mstari wa damu wa kijana unashuka, nikabonyeza. Kiongozi wangu akaponywa, na hakuwa na hata mkwaruzo. Nikabonyeza tena. Akaponywa tena. Yaani amesimama pale anang'aa kama bibi arusi na kijana anakufa chumba cha pili. Akaandika tu "wow nice heal" na akaondoka. Sikuwa na la kumjibu.

Kwa hivyo kabla ya kuingiza mtu wekea Kachumbari kitufe cha pili cha kumponya yule wa tano, ukijaribu kwanza nje kwa wanyama wadogo, na umwambie mgeni wazi kwamba wewe ni mwepesi wa kuua lakini mzito wa kugeuka, asitangulie. Akitangulia baada ya kuambiwa, akifa amejiua mwenyewe.

Na siku hutaki, kataa bila kujieleza sana. Kila akaunti ni euro 12.99 kwa mwezi, ukipiga mara tano ni karibu elfu kumi za Kenya, mtu wa kawaida kodi ya bedsitter iko karibu hapo. Viti vyote vitano umevilipia. Huna deni la mtu, una deni la jibu tu.

*Habari kaka, mimi nimekuwa upande wa pili wa hiyo hadithi. Nilikutana na kundi la watano, wote wamevaa sawa, nikaandikia mmoja wao kwa heshima kabisa kuomba niingie, kimya. Nikaandikia wa pili, kimya. Nikawafuata kama dakika kumi nikidhani watanionea huruma. Kwani watu wa hivi wanajiona nani?*
*Dada wa Zimmerman*

Dada, pole, lakini nina uhakika kiasi kwamba hakukuona kabisa. Wahusika wa nyuma huwa wako kwenye vidirisha vidogo, kimoja kinatoshana na simu, kwenye kona ya skrini ya pili, na chati yake haisomeki hata ukiweka pua pale. Umeandika kwa heshima kwenye shimo. Siku nyingine angalia wakitembea. Mmoja anaongoza na wengine wanamfuata, wakipinda anapinda yeye kwanza, wengine wanachelewa nusu hatua. Huyo wa mbele ndo ana mtu nyuma yake. Mwandikie huyo, mara moja, ungoje wasimame kunywa maji au kugawana mali, hapo ndo mikono yake iko huru. Na usiseme "naomba kuingia", sema unachohitaji, "nataka tu yule mkubwa wa pangoni, naweza kupiga kwanza?" Swali la hivyo linajibika kwa neno moja. La kwanza linamfanya aanze kupiga hesabu ya nani atoke.

Kuwafuata dakika kumi, hapana. Anayeendesha watano anahesabu vichwa muda wote, akiona cha sita anafikiri amepotea hesabu.

*Boss, mimi ni wa EVE Online, ile gemu ya meli za angani. Nina meli tatu za kuchimba madini na moja kubwa ya kubebea, zote zangu. Kuna mtu simjui amekuja mahali nachimba, ananiongelesha poa sana, anaomba nimwingize kwenye kundi langu tuchimbe pamoja. Nimwingize?*
*Mchimba Mawe, Donholm*

Usimwingize.

Najua nimetoka kuhubiri ukarimu hapo juu, lakini EVE ni mtaa mwingine. Kwenye WoW mgeni mbaya anakupotezea jioni, mnakufa mnafufuka mnarudi. Kwenye EVE meli ikilipuka imeenda, bima inarudisha sehemu tu. Na ukishamwingiza mtu kwenye kundi anaweza kuruka moja kwa moja mpaka meli yako ilipo, popote ulipo kwenye ule mfumo wa nyota, hahitaji kukutafuta. Umempa funguo za geti. Usijiambie pia kwamba uko eneo salama, CONCORD, polisi wa gemu, wanakuja kumwadhibu aliyekupiga, ndio, lakini wanakuja baada ya kupigwa, na kuna watu wanapanga hesabu hiyo vizuri kabisa, meli yao ya bei ndogo kwa yako ya bei kubwa.

Mchangamkie kwenye chati ya kawaida kama unampenda maongezi, kuchimba mwamba mmoja hakuhitaji kundi, kila mtu anajaza tumbo la meli yake. Akiendelea kusisitiza lazima aingie, hamia mwamba mwingine, na kama mnabaki pamoja usiache zile meli zinachimba peke yake ukaenda jikoni kugeuza chapati. Kile kitufe kimoja cha meli zote nacho sahau, CCP, wenye EVE, walikikataza tangu tarehe 1 Januari 2015, kwa hivyo siku utakapohitaji kukimbia utazitoa moja moja. Toa ile kubwa kwanza.