Boston Market haikuangushwa na kuku
Unayesema Boston Market, ile migahawa ya kuku ya Marekani, ilikufa kwa sababu chakula kilishuka ladha, sikubaliani. Ilianza 1985 huko Massachusetts kwa jina la Boston Chicken: kuku mzima anazungushwa motoni, viazi vya kuponda pembeni, unafungiwa unaondoka. 1993 ikaingia soko la hisa, na siku ya kwanza tu bei ya hisa ikazidi maradufu. Ugonjwa ulikuwa kwenye hesabu. Kampuni iliwakopesha wenye matawi pesa za kufungua migahawa, kisha riba na ada zao ikaziandika kama mapato yake. Hasara za matawi? Zilibaki huko huko kwao, hazikuonekana kwenye vitabu vya kampuni. Ni sawa na kumkopesha mteja ili aje kununua kwako! 1998 ikafilisika, 2000 McDonald's wakaichukua.