Ndege "ilizama" baada ya kuruka Songwe: ni kweli rubani alikosea mwinuko?

SWALI: Shikamoo mzee. Mwezi uliopita nilipanda ndege ya jioni kutoka Songwe kwenda Dar. Dakika moja hivi baada ya kuruka, injini zikapunguza sauti, tumbo likanipanda kooni, nikahisi tunashuka. Kijana aliyekaa jirani yangu, wale wa kujua kila kitu, akasema, "Hapo rubani kakosea mwinuko." Tulifika salama, lakini swali limenikaa kichwani. Rubani mwenye vyombo vyote vile anawezaje kukosea urefu aliopo? (Mama wa Uyole, Mbeya)

JIBU: Marahaba, mama. Kabla ya kustaafu nilikaa mnarani miaka mingi nikiongoza ndege, kwa hiyo swali lako nalijua vizuri.

Tuanze na tumbo lako. Ndege huruka kwa nguvu kubwa ya injini. Ikifika kama futi 1,000 hadi 1,500 juu ya ardhi, marubani hupunguza nguvu hiyo na kuinamisha pua kidogo ili ipate mwendo. Hapo bado inapanda, ila kwa upole zaidi. Sikio la ndani, ambalo ndilo linalotuambia mwili umekaaje, haliwezi kutofautisha kupungua kwa msukumo na kuanguka, na giza likiingia macho nayo hayana pa kulisahihisha. Hivyo ulichohisi, kwa jinsi ulivyokieleza, ni jambo la kila siku.

Hata hivyo kijana wako hakubuni kitu kisichokuwepo. Makosa ya mwinuko yapo, na mengi yanaanzia kwenye namba.

Umewahi kununua pakiti ya krispi pale stendi ya Mbezi? Basi likishapanda Kitonga na kufika Makambako, pakiti imevimba kama puto, kwa sababu hewa ya nje imekuwa nyepesi. Altimita, saa ya rubani ya kupimia mwinuko, imejengwa juu ya jambo hilohilo. Ndani yake kuna vikopo vyembamba vya chuma vilivyozibwa. Ndege ikipanda vinatanuka, ikishuka vinabanwa, na mshale unafuata. Maana yake altimita haipimi umbali wa kwenda chini. Inapima mgandamizo wa hewa, kisha inautafsiri kuwa futi.

Na tafsiri inahitaji mahali pa kuanzia. Kwenye altimita kuna kitufe cha kuzungusha na kidirisha kidogo chenye namba, mathalani 1020. Hiyo ni hektopaskali, yaani kipimo cha mgandamizo wa hewa, za siku hiyo, na rubani huzipata kutoka mnarani. Fikiria saa zetu. Saa ya ukutani ikionyesha 10 asubuhi, wewe unasema saa nne, mgeni kutoka Ulaya anasema kumi. Mshale ni uleule, ila kila mmoja kaanzia kuhesabu kwake. Ukimwambia mkutane saa mbili bila kufafanua, atatokea mchana na wewe ulishaondoka zamani. Marubani wawili wenye namba tofauti kwenye vidirisha vyao wako hivyo hivyo angani.

Karibu na ardhi hektopaskali moja ni kama futi 28. Tuseme mnara umetoa 1020 na rubani kaacha 1013: amekosea karibu futi 200. Uwanja wa Songwe uko futi 4,400 na ushee juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo akiwa bado ameegesha altimita itamwonyesha 4,200. Hapo ndipo kosa hukamatwa, kama atatazama. Kuna mtego wa pili kwenye kupanda. Akivuka mwinuko uliopangwa kwa uwanja husika, lazima aiache namba ya uwanja na kuweka 1013, ambayo ndege zote za juu hutumia. Akisahau, chombo kitamwambia amefika wakati bado futi 200 chini ya pale alipotakiwa. Ndege zinazopishana mara nyingi hutenganishwa kwa futi 1,000, kwa hiyo futi 200 si za kuchezea.

Kinachonisumbua zaidi, lakini, ni masikio. Angani tunaongea Kiingereza, na namba hutamkwa tarakimu moja moja. Elfu kumi na elfu kumi na moja zinapishana kwa neno moja tu. Tena "mbili" ya Kiingereza inasikika sawasawa na neno lao la "hadi". Februari 1989, karibu na Kuala Lumpur, ndege ya mizigo aina ya Boeing 747 iliambiwa ishuke futi 2,400. Marubani walielewa "hadi 400". Waligonga kilima, na wote wanne waliokuwemo walikufa.

Kwenye kuruka kuna kisa cha Kahului, Hawaii, Desemba 2022. Boeing 777 ilipaa kwenye mvua kubwa. Kapteni aliomba flapu, vile vibao vya nyuma ya bawa, ziwekwe tano. Msaidizi akasikia kumi na tano. Kapteni alipoona flapu haziko alipotaka, wote wawili wakazama kwenye wenzo wa flapu na mwendo wa ndege. Huku pua imeinama, ndege ilishuka kutoka kama futi 2,100 hadi futi 748 tu juu ya bahari kabla ya kuinuliwa. Altimita zilikuwa nzima muda wote. Hapakuwa na mtu anayezitazama.

Dawa tuliyonayo ni ya kizamani: rubani hurudia kila namba aliyopewa, nasi tunasikiliza. Nami nimewahi kuzembea. Siku moja nilimpa rubani wa ndege ndogo mgandamizo wa hewa, akanirudishia akiwa amebadilisha tarakimu moja, nami nikasema sawa. Nilisikia nilichotegemea kusikia. Mwenzangu aliyekuwa anamimina chai nyuma yangu ndiye aliyegeuka akasema, "Sivyo alivyosema huyo." Nikamwita tena kabla hajaingia njia ya kurukia. Siku hizi kuna rada pia, Songwe ikiwemo, na kifaa cha ndege kinachoipelekea rada mwinuko hutuma kwa hesabu ya 1013 hata kama rubani kaweka namba gani kwenye kidirisha chake, kwa hiyo aliye kwenye rada anaweza kuliona kosa lake.

Ukisafiri tena, panda ya asubuhi. Mkirukia upande wa mashariki, kaa dirisha la kushoto utazame safu ya Mbeya, ambayo kilele chake kinapita futi 9,200. Injini zikipunguza sauti, usiwasikilize majirani. Tazama kama mlima unaendelea kuzama chini ya bawa.