Insha ya Ireland: anza na ardhi

Ndugu, umeuliza kama inatosha kuandika kwamba Wakatoliki walipigana na Waprotestanti. Haitoshi. Anza na ardhi. Sheria ya 1704 iliagiza shamba la Mkatoliki aliyefariki ligawanywe sawa kwa wanawe wote. Ila mwana wa kwanza akihamia Kanisa la Ireland, kanisa la Kiprotestanti la serikali, alilirithi lote. Mashamba yakakatwakatwa, na dini ikawa alama ya aliyenyang'anywa. Kisha mweke Wolfe Tone, Mprotestanti, mmoja wa waasisi wa United Irishmen, chama kilichotaka kuunganisha Waairishi wa dini zote, mjini Belfast, 1791. Wapresbiteri wengi, Waprotestanti wasio wa Kanisa la Ireland, walijiunga, maana nao walitozwa zaka ya kanisa lisilo lao. Daniel O'Connell, kiongozi wa Wakatoliki, na Wakatoliki kuruhusiwa bungeni, 1829, waje baadaye. Wengi huanzia hapo, na hoja hupwaya.