Upinde wa vipande viwili wenye kiungo cha bomba

Huku Missouri, Marekani, ninakochongea pinde zangu, hakuna mti ninaoupenda kama Osage. Wakulima waliupanda kuwa ua wa mashamba kabla seng'enge haijaenea miaka ya 1870, na bado umesimama kando ya barabara nyingi za vijijini. Ni mgumu, una unyumbufu wa ajabu, lakini umepindapinda. Gogo lililonyooka sentimita 170 ni la bahati. La sentimita 90 hulikosi. Kwa hiyo jifunze upinde wa vipande viwili, ule unaotenganishwa kwa ajili ya safari, hata kama wewe si msafiri.

Pasua gogo moja, chukua vipande viwili vilivyopakana. Vimekua pamoja, vitapinda kwa namna inayofanana. Vikishakauka vizuri, fuata mviringo mmoja wa ukuaji mgongoni mwa kila kimoja, yaani upande utakaoelekea shabaha, kisha chonga mikono ya upinde (sehemu zinazopinda juu na chini ya mshiko) hadi ianze kupinda ukiikandamiza sakafuni. Hapo ndipo uguse chuma.

Kiungo, kinachokaa kwenye mshiko, ni mabomba mawili ya chuma, moja likiingia ndani ya jingine bila kucheza. Waingereza wa karne ya 19 walitengeneza pinde za namna hii ili zitoshee ndani ya magari ya farasi. Bomba langu la nje lina sentimita 10: nusu inajazwa na mti wa mkono wa chini, nusu inapokea bomba la ndani lililovaa mkono wa juu. Yawe na umbo la yai kidogo, maana bomba la duara hujizungusha pale upote (kamba ya upinde) unapovutwa. Uzito wake usikutie hofu. Mshiko hausogei mshale unapoachiwa, hivyo chuma hakipunguzi kasi.

Penye kazi hasa ni kwenye gundi. Kwaruza ndani ya mabomba kwa msasa mkali, safisha kwa asetoni, na usiyashike tena kwa vidole vyenye mafuta. Mti uingie kwa ulegevu mdogo. Ukibana kabisa unaisukuma gundi yote ya epoksi nje. Paka nta pale bomba linapoingia kwenye bomba, la sivyo utakuwa na upinde usiofunguka milele. Kisha, gundi ikiwa bado mbichi, unganisha upinde na ufunge upote mrefu, umekazwa kidogo tu. Utazame kutoka nchani: upote upite katikati ya mshiko. Ukienda pembeni, zungusha mkono polepole hadi urudi. Kesho yake hutaweza tena.

Tangu mdomo wa bomba, acha walau sentimita 5 za mti mnene usiopinda. Mti ukipinda pale pale chuma kinapoishia, ukingo ule utaukata taratibu.

Gundi ikikauka, malizia kusawazisha mikono, ufunge mshiko kwa ngozi. Daima vua upote kabla ya kutenganisha vipande, na pangusa kiungo kwa mafuta kidogo kisishike kutu. Nusu ya sentimita 85 ni rahisi kusafiri nayo kuliko upinde mzima.