Anayetangaza imani yake si mshtakiwa

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: mtu anayesema waziwazi anachoamini, tuandike kwamba "anakiri" imani hiyo au "anadai" kuwa nayo? Mimi yote mawili yananikera gazetini.

Kukiri ni neno la heshima kanisani. Waraka kwa Warumi, sura ya 10, unataka mtu amkiri Yesu kwa kinywa na kumwamini moyoni. Lakini fika mahakama ya Milimani asubuhi yoyote. Mshtakiwa anasomewa shtaka, anaulizwa kama ni kweli au si kweli. Akijibu "ni kweli", kesho yake gazeti linaandika: amekiri. Sasa mkituandikia kwamba mwanamuziki fulani "amekiri kuwa haamini Mungu", sisi wasomaji tunamwona tayari kizimbani, anangoja hukumu.

Kudai ni kubaya zaidi, maana kunamwita mtu mwongo kwa adabu. "Anadai kuwa Mrasta." Alete ushahidi gani? Hapa hapa Nairobi, mwaka 2019, msichana mmoja alikataliwa katika shule ya Kibra kwa sababu ya rasta zake. Septemba mwaka huo Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu akaamua kwamba Urasta ni dini inayolindwa na Katiba kama dini nyingine. Mtoto yule hakuwa na la kudai. Alikuwa akiishi dini ya nyumbani kwao, nayo ilionekana kichwani pake. Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kuidhihirisha imani yake, hadharani au faraghani.

Waumini wenyewe wana maneno yao, na ni mazuri. Mkatoliki husimama Jumapili akasema "Nasadiki". Anayesilimu hutamkiwa shahada kipande kwa kipande, naye hufuatisha: nashuhudia kwamba hapana mola isipokuwa Allah. Waliopo huitikia takbiri. Hakuna anayemuuliza moyoni mwake mna nini, kwa sababu hilo si la binadamu kulipima.

Basi chukueni neno la mwenyewe. Aliyeshuhudia, andikeni ameshuhudia. Mlokole akisema amemkiri Yesu, mwachieni kukiri kwake, ni neno lake. Wengine wote "wametangaza" au "wamesema" imani yao, na asiye na dini vilevile: asema haamini Mungu. Inatosha.

Msomaji wenu, Umoja, Nairobi