Namba saba kaanguka, au namba saba imeanguka?

Nimepata swali kutoka kwa msomaji ambaye kazi yake ni uemsii, harusi, mahafali, matamasha, na sasa kaombwa akashike maiki kwenye mashindano ya motokrosi, zile mbio za pikipiki kwenye njia ya udongo yenye vilima. Anasema siku ya mazoezi alitangaza "namba saba imeanguka", jamaa wa pembeni wakamrukia, sema "ameanguka" bwana, huyo ni mtu. Mwingine akadakia kwamba hapana, namba iko ngeli ya I-ZI, kwa hiyo "imeanguka" ndo sahihi kabisa. Anataka kujua nani yuko sawa. Halafu kaongeza la pili, akitaka watazamaji washangilie aseme "piga makofi" au "pigeni makofi"?

Tuanze na namba saba. Zote mbili ni Kiswahili safi, ila hazisemi kitu kimoja, na kwenye mashindano ya pikipiki hiyo tofauti ina uzito kweli kweli.

Kiswahili kina tabia ya kuchukua jina la kitu likamkalia mtu, na likishamkalia mtu kitenzi kinamfuata mtu. Mashabiki wa mpira tunafanya hivi kila siku bila kufikiri. Ukisema "Yanga imesajili" unaizungumzia klabu, ofisi, wenye kalamu na muhuri. Ukisema "Yanga wamechoka dakika hizi za mwisho" unawazungumzia vijana walioko uwanjani wanaohema. Jina ni lile lile, kiambishi ndo kinasema unamtazama nani. Namba mgongoni mwa mwendeshaji inafuata njia hiyo hiyo, ukisema "namba saba a-" umemtaja mtu, ukisema "namba saba i-" umetaja chuma, au namba yenyewe.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Valentino Rossi, yule Mwitaliano wa mbio za pikipiki. Alikimbia na 46, namba ambayo baba yake Graziano aliitumia kabla yake, na hata alipokuwa bingwa wa dunia na ruhusa ya kuweka namba 1 anayo, akabaki na 46 yake. Mwisho wa 2021 akaacha mbio za pikipiki, halafu Mei 2022 pale Mugello, Italia, MotoGP, yale mashindano ya dunia ya mbio za pikipiki, wakaiondoa ile namba, hapewi mtu mwingine tena. Sasa liseme hilo kwa Kiswahili: 46 amestaafu 2021, 46 imestaafishwa 2022. Sentensi mbili, matukio mawili, na kinachokwambia huyu ni mtu au ile ni namba ni herufi moja pale mwanzo wa kitenzi. Huyo anayesema lazima iwe "i-" siku zote kwa sababu namba ni I-ZI hapo atakwama.

Tena kwenye MotoGP mvua ikianza katikati ya mbio, mwendeshaji anaruhusiwa kuingia pembeni akashuka pikipiki yenye tairi kavu na kuruka juu ya nyingine yenye tairi za mvua, iko tayari inanguruma. Pikipiki mbili, namba moja. Namba inaenda na nani hapo? Inaenda na mtu. Ndo maana ukiniuliza la kuanzia kwenye maiki, anza na "a-", huyo ndo watu wamekuja kumtazama.

Halafu kuna jambo ambalo wengi wanalitumia na hawajawahi kulitazama. Sisi huku Bongo tukiongea hatusemi sana "ameanguka", tunasema "kaanguka". Kaja, kapita, karuka, kaanguka. Hii "ka" ya mdomoni inayoshika nafasi ya "ame-" inafanya kazi kwa mtu au mnyama mmoja tu, basi. Hakuna anayesema "pikipiki kaanguka", jaribu kuitamka uone ulimi unavyokataa, utasema "imeanguka". Kwa hiyo emsii akisema "kaanguka!" hakuna mtu uwanjani atakayejiuliza ni nani, hata kama namba hajaitaja. Kwenye ripoti ya maandishi andika "ameanguka", Kenya nako utaisikia zaidi hivyo hivyo hata mdomoni, ila kwenye maiki ya Arusha au Moshi "kaanguka" ni fupi, ni kali, na inaendana na spidi ya kilichotokea.

Sasa kwa nini nasema ina uzito. Motokrosi, iwe Jamhuri Park pale Nairobi au Garuga karibu na Entebbe, ni mchezo wa familia. Kuna madaraja ya watoto wadogo kabisa wanaopanda pikipiki za cc 50, halafu 65, halafu 85, na wazazi wao wametawanyika kuzunguka uwanja. Mama yuko upande huu, kona iko upande ule, katikati kuna vilima vya kurukia na vumbi, haoni kitu, anachopata ni sauti ya spika. Kwake wewe emsii ndo macho. Ukisema "namba saba imeanguka" ukanyamaza, umemwambia habari za pikipiki. Mtoto je? Mpe vyote viwili, na mtu atangulie: "Namba saba kaanguka kona ya pili, kasimama, kanyoosha mkono, pikipiki imezimika, anaiinua... imewaka! Kapanda, huyoooo!" Ona viambishi vinavyopokezana, ka-, i-, a-, i-, ka-, na huyo mama kaona kila kitu bila kuona. Na "huyoooo" hiyo usiibadilishe ikawa "hiyoooo" maana utakuwa umeshangilia chuma.

Wakati mwingine kitenzi kimoja kinawabeba wote wawili. Julai 2020 pale Jerez, Hispania, Marc Márquez, namba 93, alianguka na pikipiki yake ikamgonga, mfupa wa mkono wa kulia ukavunjika. "Ikamgonga": "i" ni pikipiki, "m" ni mtu, na msikilizaji anajua nani kafanya nini kwa nani. Lugha imekupa kifaa hicho bure, kitumie.

Wakianguka wengi, na mwanzoni wanaanguka kweli maana kwenye mashindano ya dunia ya motokrosi geti la kuanzia linaweza kupanga watu 40 na wote wanaikimbilia kona moja, sema "wameanguka watatu". Ukisema "zimeanguka tatu" umehesabu mali.

Hapa niseme jambo ambalo msomaji hakuliuliza lakini naona linamhusu mno. Lugha yetu ina maneno mengi ya upole ya kutaja kifo, na karibu yote ni maneno ya kawaida ya safari na mapumziko, ndo hatari yake. Mwendeshaji pikipiki imekufa anatoka uwanjani, emsii akatangaza "namba saba ametutoka". Jamani! "Ametutoka" si neno la kumwambia mzazi aliyesimama mita mia mbili. Vivyo hivyo "tumempoteza namba saba" ukiwa na maana kwamba vumbi limemficha, "amemaliza safari yake", "amepumzika", na "ameaga" peke yake. Kwenye mpira tunasema timu "imeaga mashindano" na hakuna anayeshtuka, kwa sababu ni timu na neno mashindano lipo pale pale. Kwa mtu mmoja aliyetoka kuanguka sasa hivi, na bendera ya njano ya tahadhari inapepea, usicheze kabisa na maneno hayo. Sema "namba saba ametoka kwenye mbio", "hataendelea", "amejitoa", "anatembea kurudi kwa mafundi wake". Na kama bado amelala chini na watu wa huduma ya kwanza wako naye, sema hivyo hivyo, "watu wa huduma ya kwanza wako naye", shusha sauti na muziki, halafu subiri, usijaze ukimya kwa kubashiri.

Kingine kidogo. Mitaani tunasema "nimekuwa namba mbili darasani". Uwanjani usiseme, maana kuna mtu ana 2 mgongoni kwake na yuko wa saba. Namba iache iwe jina, nafasi iwe "wa pili, wa tatu, wa mwisho". "Namba mbili yuko wa saba" inaeleweka bila shida, na tena inapendeza masikioni.

Tuje kwenye makofi. Kisarufi watu wengi wanaamrishwa kwa "-eni": pigeni, simameni, shangilieni. "Piga makofi" ni kwa mtu mmoja. Ila sitakwambia umekosea ukisema "piga makofi!" au "piga kelele!" mbele ya maelfu, hapo unamsemesha kila mmoja kama yeye, imekuwa mtindo wa jukwaani na watu wanaupokea. Mimi ninachokushauri ni kwenda hatua moja zaidi, tumia "mpigieni". Badala ya "makofi kwa namba saba!" sema "mpigieni makofi namba saba!" Kiswahili kina kauli ya kutendea, kinaweza kumweka anayepigiwa ndani ya kitenzi chenyewe, sasa kwa nini umning'inize nje kwa "kwa"? Na "tumpigie" ni tamu kuliko zote pale wa mwisho anapovuka mstari, umejiweka na wewe kati ya wanaopiga. Wala usitegemee "kelele" peke yake, una vigelegele, vifijo, nderemo, shangwe. Waombe kina mama vigelegele wakati wale watoto wa cc 50 wanajipanga getini, uone uwanja unavyobadilika.

Kwenye kuwatambulisha, tanguliza kitenzi, jina liwe la mwisho. "Anaingia... kutoka Moshi... daraja la cc 85... namba kumi na mbili..." halafu ndo jina. Kile "a-" cha mwanzo kinawaambia kuna mtu anakuja, wanasubiri kujua ni nani, na jina likitua wanalipokea kwa sauti. Ukianza na jina, yote yanayofuata yanamezwa na shangwe.

Pale pa usalama ndo siruhusu umoja. "Rudi nyuma!" kila mtu anadhani anaambiwa jirani yake, au mmoja anaona kagombezwa mbele za watu na anakasirika. "Rudini nyuma ya kamba jamani, wote, rudini." Wakiwepo wazee sema "wazee wetu, naomba msogee huku kwenye turubai", "naomba" hiyo na "m-" ya wingi zinawahamisha watu kwa heshima na kwa haraka kuliko kupiga kelele. Mtoto akichungulia kwenye kamba usimwite yeye kwenye spika, ataganda pale pale, mwite aliyekuja naye: "mzazi wa kijana mwenye fulana nyekundu, mchukue mtoto sasa hivi." Huyo ni mmoja, na hapo umoja ni sawa kabisa.