Kabla hujawapelekea msaada waliokumbwa na mafuriko, waulize

Mara ya kwanza nilipokwenda kusaidia familia zilizokumbwa na mafuriko, nilibeba viroba saba vya nguo. Tulizikusanya kwa siku tatu, na gari lilipojaa tukafurahi sana. Tulipofika kwenye shule walikohifadhiwa watu, tukakuta nguo zimeshajaa darasa zima mpaka usawa wa madirisha, nyingine zimelowa na kuota ukungu. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hamkuja na ndoo yenye mfuniko?"

Hatukuja nayo hata moja.

Tangu siku hiyo sipakii kitu kabla sijampigia simu mtu aliyemo ndani ya kambi. Na simuulizi tu "mnahitaji nini?", maana aliyepoteza kila kitu atakujibu "chochote tu, tunashukuru". Namuuliza maji ya kunywa wanateka wapi na wanayaweka kwenye nini. Watoto wa chini ya miaka miwili ni wangapi? Kuna wanaoharisha? Choo kimoja kinatumiwa na watu wangapi? Wasichana wana pedi? Nikishapata majibu, ndipo naandika cha kununua.

Ile ndoo nimekuja kuielewa baadaye. Mafuriko yanazingira watu kwa maji, lakini ya kunywa ndiyo yanayoadimika, kwa kuwa vyoo vimefurika na visima vimeingiwa na uchafu. Viwango vya Sphere, vinavyofuatwa na mashirika mengi ya misaada, vinataka kila mtu apate angalau lita 15 kwa siku, za kunywa na za usafi. Mama mwenye watoto watano anahitaji basi lita 90. Kama ana kidumu kimoja cha lita tano, aende bombani mara 18, apange foleni mara 18, huku watoto amewaacha na nani? Atakwenda mara tatu nne, na kitakachokosa maji ni mikono ya watoto. Halafu hayo machache akiyaweka kwenye beseni lililo wazi, hata kama yametiwa dawa asubuhi, kufika jioni kila mtoto ameshachovya kikombe na vidole. Dumu lenye mdomo mwembamba, au ndoo yenye mfuniko na koki, linamkinga mtoto kuliko kiroba changu cha nguo. Ukipeleka dawa ya kutibu maji, kaa na watu uwaonyeshe: maji ya tope yaachwe yatuame, yachujwe kwa kitambaa safi, ndipo yatiwe dawa na kusubiriwa nusu saa.

Mtoto akianza kuhara, usingoje. Kama hakuna pakiti za ORS, yaani chumvichumvi za kurudisha maji mwilini, chukua lita moja ya maji salama, tia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, kila kijiko kikiwa kimesawazishwa juu, bila kilima. Mnyweshe kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika kumi, uendelee polepole zaidi. Wahudumu wa afya humpa pia zinki kwa siku 10 hadi 14. Ukiona macho yameingia ndani, amelegea, au hawezi kunywa, hapo ni kumkimbiza hospitali.

Jingine nalisema kwa msisitizo, ingawa najua linawaudhi wachangiaji wenye moyo mwema: maziwa ya kopo yasigawiwe kiholela. Mwanzoni mwa 2006, baada ya mvua kubwa na mafuriko nchini Botswana, kuhara kuliua watoto wengi wachanga, na wasionyonya ndio walioathirika zaidi. Kopo linataka maji safi, chupa iliyochemshwa na kuni za kuchemshia, na kambini vyote hivyo ni vya shida. Mama anayenyonyesha akipewa kopo, mtoto hunyonya kidogo, maziwa yake hupungua, na kopo likiisha hana pa kurudi. Mpe mama huyo chakula, maji ya kunywa na kona yenye pazia anyonyeshe kwa utulivu. Mtoto asiye na mama, au ambaye tayari hanyonyi, mpelekeni kwa wahudumu wa afya wampangie maziwa yatakayopatikana bila kukatika.

Kuna kosa lililonikosesha usingizi. Tulimwandikisha mvulana wa miaka kama minne kwa jina alilotutajia. Kumbe lilikuwa jina la nyumbani tu. Mama yake alikuwa kwenye kituo kingine, anamtafuta kwa jina lake kamili, na kwa siku mbili orodha zetu hazikukutana. Sasa naandika jina kamili, jina la utani, jina la mama, nguo aliyovaa, alama ya mwilini, alipopatikana na aliyemleta. Mtu akija kumdai mtoto, naye aulizwe peke yake na mtoto aulizwe peke yake. Picha ya mtoto usiirushe mitandaoni, hata kwa nia njema, kwa sababu wanaoiona si ndugu pekee. Toa taarifa kwa wahusika wa ulinzi wa watoto, au kwa Msalaba Mwekundu au Hilali Nyekundu, wenye kazi maalumu ya kuunganisha familia.

Pesa taslimu nazo ni msaada mzuri sana pale ambapo soko limeshafunguka. Kila mama anajua pengo la nyumba yake.

Usiku wa pili pale shuleni mvua ilianza kugonga bati. Msichana mmoja alikuwa amelala na viatu miguuni, amekataa kuvivua tangu afike. Wakubwa wakawa wanawaambia watoto, "Nyamazeni, laleni." Mwalimu mmoja akawasha tochi, akaketi nao, akawaeleza maji yameishia wapi, jengo hili liko juu kiasi gani, na ni nani watakaokesha wakiangalia. Akawataja kwa majina, mmoja mmoja. Yule msichana akauliza wanaokesha watabadilishana saa ngapi. Alipojibiwa, akavua kiatu kimoja.